Amin Hakuitaka Karagwe

Pale Omurushaka, barabara ya Nkwenda na Murongo inapoachana na ile ya Kayanga, gari likichelewa kujaa abiria Vita vya Kagera hupiganwa upya. Anayeanza huwa mtu mzima aliyeona ndege kwa macho yake. Kijana aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anamsahihisha kwa maneno ya babu yake. Wa tatu, ambaye hakuna aliyemuuliza, anaingiza mizinga ya saba saba. Kondakta anapoita, Idi Amin wa Uganda ameshafika Kayanga, amefukuzwa, amerudi kwa njia ya Kaisho na kufukuzwa tena, na JWTZ imeshinda kwa askari mmoja dhidi ya hamsini.

Mabishano hayo nayapenda. Lakini yamezaa madai ambayo sasa yanarudiwa hata na watu wenye vitabu nyumbani. Machache nimeyaweka hapa, kila moja na hukumu yake. Mengine ni uongo mtupu, na mengine yana mguu huku na mguu kule.

"Amin aliiteka Karagwe"

Uongo, na uongo huu unaumbuliwa na ramani.

Tarehe 30 Oktoba 1978 askari wa Uganda walivuka mpaka wakashika nchi yote iliyo kati ya mpaka huo na Mto Kagera: Mutukula, Minziro, Bunazi, hadi ukingo wa mto mkabala na Kyaka. Ni kilomita za mraba zipatazo 1,800, na leo zimo katika Wilaya ya Missenyi. Redio ya Uganda ilijigamba kwamba kazi nzima ilichukua dakika 25. Siku mbili baadaye, Novemba mosi, Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto sasa ni ya Uganda, kwa kuwa mto, alivyodai, ndio mpaka wa asili.

Sasa itazame Karagwe, na uitazame pamoja na Kyerwa, maana zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Kagera inatoka Rusumo ikielekea kaskazini, Rwanda mkono wa kushoto, sisi mkono wa kulia. Inafika kwenye pembe ambako nchi tatu zinakutana, jirani na Kagitumba, inageuka mashariki. Kuanzia hapo ng'ambo ni Uganda. Inapita Murongo. Kisha inafanya jambo ambalo limewagharimu watu wengi: inaingia ndani ya Tanzania, inajipinda kuelekea Kyaka, halafu inarudi juu tena na kutokea Uganda kabla ya kumwagika ziwani. Nchi iliyobaki juu ya pinda hilo ndiyo Amin aliyoitaka.

Kwa hiyo upande wa Kyerwa hapakuwa na kitu cha kudai. Mto ulikuwa mpaka tayari. Kwa hesabu ya Amin mwenyewe, Murongo, Kaisho, Isingiro, Nkwenda na Kayanga zilikuwa Tanzania halali.

Hii haina maana kwamba watu wa huku walilala usingizi. Walioyakimbia maeneo yaliyovamiwa wanakadiriwa kufika 40,000, na raia wapatao 1,500 waliuawa huko. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, na ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kwa maelfu kuvuka mpaka. Hakuna aliyejua kama Amin angetosheka. Hofu ilifika Karagwe. Jeshi lake la kuteka nchi halikufika.

"Mto Kagera ndio mpaka wetu na Uganda"

Mguu huku, mguu kule. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ugomvi wote wa 1978 ulijificha katika sentensi hii fupi.

Mtoto wa Murongo anajifunza neno "mpaka" kwa kutazama maji. Huku kwetu, kule Kikagati, katikati mto. Umeme wa maporomoko ya hapo, megawati 14, unagawanywa kati ya nchi mbili kama vile ndizi ya kuchoma inavyokatwa nusu kwa nusu. Mtoto wa Mutukula hana maji ya kutazama. Mpaka wake ni mstari usioonekana ardhini, digrii 1 kusini ya ikweta, ulioandikwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Waliouandika hawakuwa wameyaona mapinda ya Kagera. Walichukua rula.

Baadaye wakoloni haohao wakaona kwamba upande wa magharibi rula haifai, wakaukubali mto. Upande wa mashariki wakaiacha rula palepale. Matokeo yake mpaka una tabia mbili: Kyerwa unafuata mto, Missenyi unafuata mstari. Na mto ulipofuatwa, aliyefaidi ni Uganda, maana Kikagati iko kusini kidogo ya ile digrii 1. Mstari ulipofuatwa, tuliofaidi ni sisi. Amin alitaka afuate mto pale anapopata. Angeulizwa kama yuko tayari kufuata mstari pale anapopoteza, sijui angejibu nini. Pengine angemwalika muulizaji ulingoni, kama alivyomwalika Nyerere wapigane ngumi mbele ya Muhammad Ali kama mwamuzi.

Nadhani hii ndiyo sababu dai la Amin lilikuwa hatari zaidi masikioni mwa watu wa mto kuliko mwa watu wa Dodoma. Kwa mtu wa Murongo, "mto ndio mpaka" ni jambo analoliona kila asubuhi akienda kuteka maji. Uongo unaofanana na dirisha lako ni mgumu kuukataa.

"Ndege za Amin zilivunja daraja la Kyaka"

Uongo. Zilijaribu, zikakosa. Daraja liliangushwa tarehe 3 Novemba 1978 kwa baruti zilizotegwa kwenye nguzo, na aliyeletwa kuzitega alikuwa fundi wa milipuko kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda. Marubani wa jeshi walishindwa, mchimba madini akaweza.

Nyongeza kwa wale wanaosema daraja lilipovunjwa Karagwe ilikatika na Bukoba: barabara ya Karagwe inaachana na ya Mutukula ukiwa bado Kyaka, kusini ya mto. Kilichokatika ni njia ya kwenda mbele, kwa adui. Wahandisi wa JWTZ walitandika daraja la muda la vipande vya chuma, na kabla Novemba haijaisha askari walikuwa wanavuka katika Operesheni Chakaza.

"Vita viliitwa vya Kagera kwa sababu vilipiganwa Mkoa wa Kagera"

Uongo. Mwaka 1978 hapakuwa na mkoa wenye jina hilo. Ulikuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulilipata mwaka 1979, vita vikiwa vimekwisha. Mto ulivipa vita jina, vita vikaupa mkoa. Ukiona hati ya zamani ya nyumbani imeandikwa "Karagwe, Ziwa Magharibi", itunze.

"Hii ilikuwa mara ya kwanza mto huu kuona vita vya kisasa"

Uongo tena. Wajerumani na Waingereza walitazamana kwa bunduki katika ukanda huu wa Kagera kuanzia 1914, na Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba na kuibomoa mitambo ya simu ya upepo ya Wajerumani.

"Tulimshinda kwa sababu tulikuwa na jeshi kubwa"

Uongo kwa Oktoba, kweli kwa Machi.

Oktoba 1978 mkoa huu ulikuwa karibu mtupu. Brigedi iliyohusika na kanda ya magharibi makao yake yalikuwa Tabora, na macho ya nchi yalikuwa kusini, kwenye ukombozi wa Rhodesia. Mpakani palikuwa na vikosi vidogo vya ulinzi visivyoweza kuzuia vifaru. Uganda ilikuwa na wanajeshi kama 20,000 kwa jumla, na kwa wiki hizo za kwanza hao walitosha.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya jeshi peke yake. Tarehe 2 Novemba Nyerere alitangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Ukweli ni kwamba siku aliyoyasema hayo, uwezo ulikuwa bado unatafutwa. Malori na mabasi yalichukuliwa kutoka kwa mashirika ya umma na kwa watu binafsi. Askari walipanda treni hadi Mwanza, wakapanda meli hadi Bukoba, wakapanda malori hadi Kyaka. Polisi, Magereza na JKT wakaongezwa. Na juu ya wote, mgambo. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 likafika zaidi ya 150,000 kwa miezi michache, na mgambo peke yao walikuwa kama 40,000.

Mgambo hawakuzaliwa Novemba ile. Walitoka kwenye Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotoka wiki chache baada ya Amin kumpindua Obote tarehe 25 Januari mwaka huo. Chama kiliona kwamba jeshi la kudumu la nchi maskini haliwezi kuwa kubwa, basi kila kijiji kifunzwe kushika bunduki. Kwa miaka saba watu waliwaona mgambo kama watu wa kuzuia magendo ya kahawa na kuwasumbua wauza pombe. Ilipofika zamu, waligeuka askari.

Ndiyo maana ukikutana na mzee wa Nyaishozi au Mabira anayesema alifika Kampala, halafu ukasikia hakuwahi kuajiriwa jeshini, usimcheke. Inawezekana kabisa. Alitoka shambani, akapewa mafunzo, akavuka Mutukula Januari 1979, akarudi kwenye migomba yake. Hana pensheni ya kukuonyesha.

Waliokufa je? Kwenye vijiwe namba hupanda kadiri rubisi inavyoshuka. Hesabu inayonukuliwa zaidi ni wanajeshi 373 wa Tanzania, na waliouawa katika mapigano yenyewe ni 96. Waliobaki walikufa nje ya mapigano, ajali zikiwamo. Watu hawaipendi hesabu hii. Inaonekana kama inawapunguzia mashujaa heshima. Kwangu mimi inafanya kinyume chake. Inakumbusha kwamba vita hivi vilikuwa pia barabara mbovu, mvua, na madereva waliokesha usiku bila taa. Makaburi ya Kaboya, kule Muleba, hayaulizi nani alikufa kwa risasi na nani kwa lori kupinduka.

"Saba saba ni mzinga tuliotengeneza wenyewe"

Uongo. Ni BM-21 ya Urusi, lori lenye mirija 40 ya makombora ya milimita 122, linalopiga umbali wa kilomita kama 20. Jina ndilo letu. Mlio wake pia watu wameufanya wao. Kila mzee ana namna yake ya kuuigiza, na hakuna hata mmoja anayefanana na mwingine.

"Karagwe ya Rumanyika ilikuwa na jeshi la kutisha"

Dai hili linatoka kwa vijana wanaotaka kuuvuta ushujaa wa 1979 hadi Bweranyange, makao ya Rumanyika. Ni uongo wenye nia njema.

Rumanyika Orugundu, mtawala ambaye wasafiri Speke na Grant walimkuta Novemba 1861 na Stanley akamtembelea mwaka 1876, hakuogopwa kwa mikuki mingi. Alipogombea kiti na ndugu yake Rogero katika miaka ya 1850, hakushinda kwa jeshi lake. Mfanyabiashara wa Tabora, Musa Mzuri, alitoa pembe za ndovu kwa Kabaka Suna wa Buganda, na jeshi la Waganda likaja kummaliza Rogero. Yaani wakati ule jeshi la kutoka ng'ambo ya Kagera lilivuka kuja Karagwe, kwa mwaliko.

Nguvu ya Karagwe ilikuwa mahali ilipokaa. Njia ya biashara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita hapa, Waarabu wakaweka kituo Kafuro, na mtawala aliyekaa juu ya njia hiyo alikula pande zote. Hata vile vyuma maarufu vya Bweranyange, nyundo na ng'ombe wadogo wa chuma na mikuki yenye mapambo, havikuwa silaha za ghala. Vilikuwa alama za utawala wa ukoo wa Wahinda. Mkuki wa kuonyesha ni tofauti na mkuki wa kuchoma, na Rumanyika, kwa kadiri wageni wake walivyomwona, alipendelea kuonyesha.

"Jeshi dogo la nchi changa huishia kuipindua serikali"

Hili husemwa na watu waliosoma, kwa sauti ya kukata tamaa. Jibu langu: si lazima, lakini ilibaki kidogo.

Nenda mbali kidogo, Suriname, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini iliyopata uhuru kutoka Uholanzi Novemba 1975 ikiwa na watu wasiofika nusu milioni. Jeshi lake lilikuwa la kurithi. Masajenti walitaka chama chao cha kutetea maslahi, serikali ikakataa, viongozi wao wakashtakiwa. Tarehe 25 Februari 1980 masajenti 16, Desi Bouterse akiwa mbele, walimpindua Waziri Mkuu Henck Arron. Mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe hiyohiyo, jeshi letu lilikuwa linaingia Mbarara. Kufika Desemba 1982 wanaume 15 waliokuwa wakiupinga utawala wa Bouterse walikuwa wameuawa katika ngome ya Zeelandia. Bouterse huyohuyo alirudi kwa kura na kuwa rais kutoka 2010 hadi 2020.

Sasa linganisha na Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964. Tanganyika Rifles, nalo jeshi la kurithi, lilitokana na King's African Rifles. Malalamiko yalikuwa yaleyale: mishahara, na maofisa wa kigeni ambao hawaondoki. Askari wa kambi ya Colito waliasi, Tabora ikafuata. Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza wazime maasi, aibu ambayo hakuificha. Tofauti ni alichofanya baadaye. Jeshi lote lilivunjwa. Jipya, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, vijana wake wakichukuliwa kutoka kwenye vyama vya siasa, chini ya Mrisho Sarakikya. Askari akawa na kadi ya chama. Leo jambo hilo linasikika vibaya, na kwa mfumo wa vyama vingi lingekuwa vibaya kweli. Lakini lilifanya kazi iliyokusudiwa.

Na wale wanaosema Tanzania haijawahi kuwa na jaribio la mapinduzi nao wanakosea. Januari 1983 maofisa wa jeshi na raia walikamatwa kwa njama ya kuiangusha serikali, baadhi yao wakihukumiwa kifungo cha maisha. Baadhi ya wenzao waliovaa sare ileile walikuwa wamerudi kutoka Uganda miaka michache tu nyuma.

"Afrika nzima ilitupongeza"

Uongo. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979 ulikuwa mgumu kwa Nyerere. Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshutumu kwa kuingia nchi ya jirani. Umoja huo ulikuwa umekataa kumlaani Amin alipovamia.

"JWTZ walipigana peke yao"

Uongo, na ndio unaoifuta Kyerwa kwenye historia.

Msumbiji ilileta batalioni. Upande wa pili Gaddafi alileta Walibya, waliokutana na vijana wetu Lukaya mwezi Machi. Lakini washirika wa karibu zaidi walikuwa Waganda wenyewe. Kikosi Maalum cha Tito Okello na David Oyite-Ojok kilikwenda na safu ya Masaka. Safu ya Mbarara, chini ya Silas Mayunga, yule ambaye askari walimwita Mti Mkavu, ilikuwa na vijana wa FRONASA wa Yoweri Museveni. Hao walikuwa wengi wao watu wa Ankole, wanaosema lugha ambayo Mnyambo wa Kyerwa anaisikia bila mkalimani. Walizijua njia, waliwajua watu, wakapokelewa kama wana wa nyumbani. Mbarara ilianguka Februari 25, siku moja baada ya Masaka.

(Musuguri, kamanda wa divisheni nzima, alipata jina la Jenerali Mutukula. Alikuwa askari wa King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia, akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, akaishi hadi Oktoba 2024 akiwa na miaka zaidi ya mia. Watu hupenda kusema makamanda wa vita hivi walisahauliwa, yeye hakusahauliwa.)

Miongoni mwa vijana wa FRONASA alikuwamo Fred Rwigyema, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda. Kampala ilipochukuliwa Aprili 1979, hakuacha bunduki. Alikwenda msituni na Museveni, wakashinda 1986, na tarehe 1 Oktoba 1990 akawaongoza wenzake wa RPF kuvuka Kagitumba kuingia Rwanda. Siku ya pili aliuawa. Kagitumba iko kwenye ile pembe niliyoitaja, mkabala na Kyerwa. Kwa hiyo mtu wa Kyerwa anaposema vita viliisha Juni 1979, anasema habari za Dar es Salaam. Kwake vilipumzika miaka kumi na moja.

"Maiti zilizopita mtoni 1994 zilikuwa za wanajeshi"

Uongo. Niliwahi kulisikia kwa mtu aliyezaliwa baadaye, akiamini kwamba mto ule hubeba askari tu.

Walikuwa raia, Watutsi wengi wao, wazee na watoto, waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda na kutupwa katika Nyabarongo na Akagera, ndiyo Kagera yetu. Walipita Rusumo, wakapita kingo za Karagwe na Kyerwa, wakapita Murongo na Kyaka, wakafika ziwani. Upande wa Uganda walizikwa kwa maelfu Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu wa kando ya ziwa waliacha kula samaki.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Ngara ndiyo iliyotajwa duniani, lakini Karagwe nayo ilibeba mzigo wake: Chabalisa, Kagenyi, Omukariro, Rubwera. Rubwera hiyo ndiyo leo makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa.

"Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwa hiari mwaka 1996"

Wapo waliorudi kwa hiari. Dai lenyewe, kama linavyosemwa, si kweli. Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali ya Tanzania, kwa tamko la pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwataka Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi hawakuelekea Rwanda. Walichukua virago wakaenda mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Polisi na JWTZ waliwazuia barabarani na kuwageuza. Kabla ya mwaka mpya karibu watu nusu milioni walikuwa wameondoka.

Hii ndiyo kazi kubwa zaidi ya jeshi ambayo kijana wa Karagwe wa umri wangu aliiona kwa macho, na haina siku ya kumbukumbu. Haikuwa vita. Hapakuwa na adui mwenye kifaru. Palikuwa na msururu wa watu wenye magodoro kichwani, na askari waliokuwa wakionyesha kwa mkono upande wa kwenda.

"Operesheni Kimbunga iliwaondoa wageni tu"

Hapa kijiweni watu hupunguza sauti.

Septemba 2013 JWTZ, polisi na uhamiaji walianza operesheni ya pamoja katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: ujambazi wa silaha barabarani, mifugo iliyojaa mapori ya hifadhi, watu walioingia bila kibali. Silaha zilikamatwa. Barabara ambazo magari yalikuwa yakisindikizwa na polisi zikapitika.

Lakini "tu" ndiyo inayolifanya dai kuwa uongo. Watetezi wa haki za binadamu waliwakuta ng'ambo, Rwanda, watu waliozaliwa Tanzania, wake waliotenganishwa na waume wa Kitanzania, wazee waliokaa Karagwe tangu miaka ya 1960. Wengine walilalamika kwamba walipimwa kwa sura, kwa kazi ya kuchunga ng'ombe, kwa namna wanavyotamka maneno.

Na lafudhi ya Kyerwa haiheshimu mto. Mwaka 1979 kijana aliyesema kama watu wa Ankole, akiwa amekaa juu ya lori la JWTZ kuelekea Mbarara, alikuwa mwenzetu na mwongoza njia. Mwaka 2013, sauti hiyohiyo mbele ya askari wa jeshi lilelile ilitosha kumfanya mwenyewe aulizwe cheti cha kuzaliwa. Wengi wa rika lile, huku Murongo na kule Kikagati, walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Cheti hawakuwa nacho, si wao wala jirani aliyewataja kwa askari.